Ngitili ni ya nani? Kusoma uchumi wa mazingira Göteborg

Nikipiga simu nyumbani Shinyanga hakosi ndugu wa kuniuliza kama nikimaliza nitakuwa bwana miti au mtu wa benki. Nawajibu kwamba kazi yangu iko katikati ya hao wawili. Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi, upande wa mazingira, hapa Göteborg, mji wa bandari magharibi mwa Sweden, wenye mvua ya upepo isiyozuilika kwa mwavuli. Tunajifunza kuhesabu vitu ambavyo sokoni havina bei: hewa safi, kivuli cha msitu, maji ya chemchemi, samaki ambaye bado hajavuliwa. Ukishahesabu linabaki swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni: kitu hiki ni cha nani? Nikilisema hivyo nawaza ngitili, malisho ya hifadhi ya Wasukuma wa kwetu.

Anayedhani haya ni masomo ya kupanda miti na kuokota chupa ufukweni ajiandae. Muhula wa kwanza ni hesabu juu ya hesabu: tabia ya mlaji na mzalishaji, takwimu, ekonometriki, yaani kuzipima nadharia za uchumi kwa takwimu. Wenzangu waliotokea maendeleo ya jamii walitaabika sana, na walikuwa watu wenye akili kali. Kama unafikiria kuja, rudia kalkulasi na takwimu kabla hujapanda ndege, na uizoee programu ya takwimu iitwayo R, maana ni ya bure na hata kompyuta ya kawaida inaimudu.

Msingi wa somo lenyewe ni wa zamani. Mwaka 1920 Mwingereza Arthur Pigou alieleza kwamba mtu anayebaki na faida huku hasara akiwatupia wenzake, atozwe kodi inayolingana na hasara hiyo. Waswidi walilifanyia kazi wazo hilo mwaka 1991 wakaanzisha kodi ya kaboni, krona 250 kwa kila tani ya hewa ukaa. Wakawa wanaipandisha kidogo kidogo, hadi mwaka 2023 ikafika krona 1,330. Matokeo yake nayagusa kwa mkono kila usiku wa baridi. Chini ya dirisha langu kuna chuma kinachopitisha maji ya moto, na maji hayo hayachemshwi ndani ya jengo letu. Yanakuja kwa mabomba yaliyozikwa chini ya mji, yakiwa yamepata moto kutoka kwenye taka zinazochomwa Sävenäs na kwenye joto la ziada la viwanda vya kusafisha mafuta vilivyo ng'ambo ya mto. Zamani sehemu kubwa ya joto la miji ya hapa ilitokana na mafuta. Kodi ilipoyafanya mafuta kuwa ghali, wakahamia kwenye mabaki ya miti na taka. Tangu 1990 Sweden imepunguza gesijoto zinazozalishwa ndani ya nchi kwa zaidi ya theluthi moja, na uchumi wake umeendelea kukua.

Nilitaka kujua wananchi waliikubalije. Jibu ni kwamba mwaka uleule serikali ilipunguza kodi ya mapato, mtu akaona kinachotoka mfuko huu kinarudi kwa mfuko ule. Mwaka uliofuata, 1992, walikuja na tozo ya oksidi za nitrojeni, gesi chafu zinazotoka na moshi wa mitambo, na huo utaratibu naupenda kuliko yote niliyosoma. Mitambo mikubwa ya nishati ilitozwa krona 40 kwa kila kilo ya gesi hizo. Fedha yote, ukitoa gharama ndogo za usimamizi, inarudishwa kwa mitambo hiyohiyo kulingana na nishati ambayo kila mmoja umezalisha. Kwa hiyo mchafu anamlipa msafi, na serikali haiwezi kushukiwa kwamba inatafuta mapato kwa kisingizio cha mazingira.

Linganisha na tozo ya magari yanayoingia katikati ya Göteborg, iliyoanza Januari 2013. Septemba 2014 wakazi walipiga kura ya maoni, wengi wakaikataa, na tozo ikaendelea vilevile kwa sababu fedha yake ilikwisha kutengewa miradi mikubwa ya usafiri, likiwemo handaki la reli chini ya mji. Tozo zote mbili ziko sahihi kwa hesabu za darasani. Iliyobaki na chuki ni ile ambayo watu hawakuona fedha inarudi kwao vipi.

Sasa nirudi kwetu, maana ndiko akili yangu ilikokuwa mihadhara yote hiyo.

Mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin aliandika habari za malisho ya wote. Kila mfugaji anaongeza ng'ombe, kwa kuwa faida ni yake na hasara wanagawana kijiji kizima, na mwisho wake malisho yanakufa. Dawa aliyoiona ni mbili: yamilikiwe na mtu binafsi au serikali iyashike. Somo hilo lilipofika darasani mwili ulinisisimka. Malisho ya wote nimekulia ndani yake, na yana amri kali kuliko shamba la mtu.

Ngitili ya Wasukuma ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zipumue na miti ichipue. Hakuna ukuta wala waya. Kiangazi kikikaza, mahali pengine penye nyasi hapana, ndipo linafunguliwa, tena kwa zamu, kipande baada ya kipande. Nyingine ni za familia, nyingine ni za kijiji kizima. Amri zinapangwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa wanakijiji, na anayezivunja atakutana na sungusungu na faini yake. Kilichoziua ngitili hakikuwa uroho wa wafugaji. Zama za ukoloni vichaka vilifyekwa ili kumaliza mbung'o, pamba ikapanuka, kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na kuyaacha maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia 1986 zilibaki hekta kama 600 tu mkoani.

Mwaka huo ndipo serikali ilipoanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway na wataalamu wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Badala ya kuleta mbinu ngeni, waliwaachia wananchi waifufue ngitili yao kwa sheria zao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba zaidi ya hekta 300,000 zimerudi, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti wa mwaka 2005 ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) ulikuta kwamba kuni, nyasi za kuezekea, asali, dawa, mboga za porini na malisho ya ngitili vilimpa mtu mmoja faida ya karibu dola 14 kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliipata kwa kuonyesha kwamba jamii zinaweza kutunza mali yao ya pamoja bila kungoja serikali wala mnunuzi. Mifano yake mingi tuliyosoma ilikuwa ya Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino. Nilipopewa nafasi ya kuwasilisha mfano wangu nilieleza wa Shinyanga, na maswali yalizidi muda wa kipindi.

Zoezi lililofuata ndilo lililonifungua macho kuhusu taaluma hii. Ili kupata thamani ya kitu kisicho na bei, njia mojawapo ni kuwauliza watu wako tayari kulipa kiasi gani ili kisipotee. Tuliambiwa tuandike dodoso na kulijaribu kwa mtu yeyote. Mimi nilimpigia shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baridi ya huko haijakumaliza?"

Nikamweleza zoezi, kisha nikamsomea swali kama lilivyo: uko tayari kuchangia shilingi ngapi kwa mwezi ili ngitili ya kijiji iendelee kuwepo?

Akanyamaza kidogo. "Nilipe? Nimlipe nani, na ngitili ni yetu? Anayeitaka ndiye aje aseme atatupa kiasi gani. Nami nitamwambia hapana."

Vitabuni jambo hilo lipo, na wanauchumi wamebishana juu yake kwa miongo mingi. Kiasi ambacho mtu yuko tayari kulipa kina kikomo, nacho ni mfuko wake. Kiasi ambacho angedai ili akiachie kitu chake hakina kikomo hicho, na tafiti nyingi zimekuta kinakuwa kikubwa mara kadhaa. Mtafiti akichagua kuuliza la kwanza, tayari ameamua kwamba kitu si mali ya anayeulizwa. Kisha ripoti inaandikwa, thamani ya ngitili inatoka ndogo kwa sababu shangazi hana fedha, na mwekezaji mwenye pendekezo la shilingi nyingi zaidi anaonekana ndiye mwenye hoja. Hesabu zote ndani ya ripoti ile zinaweza kuwa sahihi. Dhuluma itakuwa imefanyika kwenye swali.

Ndiyo maana nawasisitizia vijana wa kwetu waje kwenye masomo haya. Ghuba ya Gazi, Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao tangu 2013, na wao wenyewe ndio wanaoamua fedha iende kwenye maji au shuleni. Mikataba ya namna hiyo inaongezeka Afrika Mashariki nzima, na kila mmoja unahitaji mtu anayejua hesabu na anayewajua watu.

Mfano mwingine wa hesabu inayohitaji kuwajua watu ni kiwango cha punguzo, yaani jinsi tunavyoipima leo hasara itakayotokea kesho. Hasara ya shilingi milioni moja itakayokuja baada ya miaka 100, ukitumia asilimia 1.4 aliyoitumia mwanauchumi Mwingereza Nicholas Stern katika ripoti yake ya 2006 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, leo ina uzito wa shilingi kama 249,000. Ukitumia asilimia 5, inabaki shilingi 7,600 hivi. Wasomi wakubwa wamegombana juu ya namba hiyo moja. Mimi namfikiria mchoma mkaa mwenye mkopo wa kausha damu, riba asilimia 20 au zaidi kwa mwezi. Kumhubiria kuhusu vizazi vijavyo ni kumwonea. Kesho anaijua vizuri sana, kwa kuwa ndiyo siku ya marejesho. Mpatie mkopo wenye riba ya haki na msitu utapumua kabla hujamtuma askari.

Kwa wanaouliza njia: sisi tusio raia wa Ulaya tunalipa ada Sweden tangu 2011, na ni kubwa. Wengi wetu tumefika kwa ufadhili, na ule wa Swedish Institute ndio unaojulikana zaidi. Maombi ya chuo hufungwa katikati ya Januari, gharama yake krona 900. Ambaye hawezi kuja huku asikate tamaa: tangu 2007 mtandao wa Environment for Development, unaoratibiwa kutoka hapa Göteborg, umekuwa ukijenga vituo vya utafiti kwenye vyuo vya kwetu, na Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vimo. SUA kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Novemba, giza linapoingia saa kumi jioni, utahitaji watu, na mji huu una Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili. Watafute mapema.

Utafiti wa tasnifu yangu unaanza kiangazi, ngitili zikifunguliwa. Dodoso la sasa linaanza kwa kuuliza nani ana haki ya kuchunga, nani ya kukata kuni, nani ya kumtoza faini aliyevunja amri, na mambo ya fedha yanafuata baadaye. Msimamizi wangu ameniagiza nipange namna ya kuzungumza na wanawake peke yao, kwa sababu wanaosikika zaidi mikutanoni ni wanaume, na wanaoingia ngitili kila wiki kutafuta kuni na mboga ni wanawake.