Kasha la chakula kwenye soko la Toji

Tarehe 21 ya kila mwezi, uwanja wa hekalu la Toji mjini Kyoto hugeuka soko la mitumba na vitu vya kale. Siku hiyo ni ya kumkumbuka mtawa Kukai, aliyefariki mwaka 835. Soko la Desemba hufurika kuliko yote, na ndipo makasha ya jubako yanapotolewa makabatini, maana Wajapani hupanga humo chakula cha Mwaka Mpya: maharage meusi, mayai ya samaki, dagaa wa sukari, kamba. Desemba moja nilimsindikiza pale kijana wa Newala aliyekuwa masomoni Kyoto. Alitaka kumpelekea mama yake kasha la namna hiyo, na kwa kuwa nilikuwa nakarabati vyombo vya urushi, yaani vilivyopakwa rangi ya utomvu wa mti, aliniomba nimchagulie.

Mchuuzi alikuwa ametandaza turubai, na juu yake makasha mawili yaliyofanana ukiyaona kwa mbali. Yote meusi, kila moja lina visanduku vitatu vinavyopandana chini ya mfuniko mmoja, sentimita 20 hivi kila upande, yamepambwa misonobari ya dhahabu. La kwanza yeni 4,000, linang'aa kama kioo. La pili yeni 15,000, limefifia, na kisanduku cha chini kimemeguka kona.

"Dada, mbona linalong'aa ndilo la bei rahisi?"

Nikamwambia ayanyanyue kwanza, moja baada ya jingine. Kasha la mbao kavu ni jepesi kuliko linavyoonekana, na hata asubuhi ya baridi halishtui kiganja. La resini iliyochanganywa na unga wa mbao ni zito, lina ubaridi, na ukiligonga kwa ukucha hutoa mlio mkali. Kisha nikamwonyesha kona za ndani. Kwenye lile linalong'aa zote zilikuwa na mviringo uleule kabisa, kwa sababu kisanduku kizima kilitoka kwenye kalibu. Kwenye la pili kulikuwa na mistari miwili myembamba iliyojitokeza chini ya rangi, pale mbao zinapoungana. Mbao husinyaa kadiri miaka inavyopita, nao ungio hujichora juu. Wanunuzi wengi huona mstari huo ni kasoro. Mimi nikiuona hutulia, maana kalibu haiwezi kuutoa.

Ndani ya katoni ya kasha la bei rahisi kulikuwa bado na karatasi ya maelezo. Japani ina sheria ya mwaka 1962 inayotaka vyombo vya nyumbani viandikwe vimetengenezwa kwa nini, na kwa vyombo vya aina hii karatasi hutaja mambo mawili yaliyo tofauti: umbo ni la nini, na rangi ya juu ni ipi. Wengi husoma la kwanza tu. Umbo linaweza kuwa mbao halisi na rangi ikawa ya kiwandani, au kinyume chake. Karatasi yetu ilisema umbo ni mchanganyiko wa mbao na resini, na rangi ni kashu.

Kashu hutengenezwa kwa mafuta ya maganda ya korosho. Kijana wa Newala hakuhitaji kuelezwa mafuta hayo ni nini. Ameona mikono ya wabanguaji ilivyobabuka. Mkorosho, mwembe na mti wa urushi ni wa familia moja, na utomvu wa urushi huwasha na kutoa malengelenge kwa sababu ileile. Tofauti iko kwenye namna ya kukauka. Kashu hukauka kwenye hewa ya kawaida na inaweza kupulizwa kwa mashine. Urushi haikauki kwa kupoteza maji. Huganda kwa msaada wa kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu wenyewe, nacho hutaka joto la nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa asilimia 70 hadi 85. Ndiyo maana mafundi huviweka vyombo kwenye kabati lenye unyevu, koti la rangi baada ya koti. Mti wenyewe hukuzwa miaka zaidi ya kumi, hukingwa msimu mmoja, hutoa takribani gramu 200, kisha hukatwa. Bei inaanzia hapo.

Kashu iliyoandikwa kashu si udanganyifu, na kwa chakula cha mtoto wa shule ningeinunua bila kusita. Ubaya ni ikiuzwa kwa jina la urushi.

Tukarudi kwenye kona iliyomeguka. Hapo ndipo kasha hujieleza, kwa hiyo nikatoa tochi na kioo cha kukuzia. Kwenye ukingo wa jeraha, kuanzia juu: koti jeusi jembamba kuliko karatasi, chini yake jingine jeusi lisilo na mng'ao, halafu tabaka nene la rangi ya kijivu-kahawia ambalo ni udongo laini uliokandwa na urushi, halafu nyuzi za kitambaa zimekatika, ndipo mbao. Kitambaa kwenye kingo na kona ni kazi ya kuimarisha sehemu zinazogongwa zaidi. Mafundi wa mji wa Wajima wanasifika kwa msingi wa namna hiyo, lakini kitambaa peke yake hakitoshi kusema kasha limetoka Wajima, na mchuuzi kwa haki yake hakudai hivyo.

Dhahabu nayo niliipitishia kioo. Maua yaliyochapwa huonyesha vitone vilivyopangika. Maki-e, yaani unga wa dhahabu ulionyunyizwa juu ya urushi mbichi, huonyesha chembe zisizolingana, na mstari huinuka kidogo chini ya ncha ya kidole. Hili la pili lilikuwa maki-e, imelika pale vidole vinaposhika mfuniko, pazuri palipotumika. Mwisho nikazungusha mfuniko robo kwa robo na kubadilisha mpangilio wa visanduku. Upande mmoja ulicheza kidogo. Kupinda kukizidi hapo, kasha huachwa, kwa kuwa mbao iliyopinda hairudi.

Boksi lake la mti lilikuwa na maandishi ya wino: mwaka wa 10 wa Taisho, enzi ya mfalme wa Japani, yaani 1921. Tarehe ni ya boksi. Maboksi na vyombo hubadilishana wenyewe kwa wenyewe masokoni. Kasha liliingia humo bila kubana wala kulegea, jambo linalosaidia lakini halithibitishi. Kijana akalichukua kwa yeni 12,000, punguzo likiwa la kona.

Kona tuliitengeneza karakanani. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, kisha huongezwa urushi mbichi kiasi kinachokaribia kulingana nao, na vumbi la mbao ili kujaza shimo. Usijaze kwa mara moja: juu huganda, ndani hubaki mbichi kwa miezi. Kila safu isizidi milimita chache, na ipewe wiki au zaidi. Kyoto wakati wa baridi hita hukausha hewa ya chumba, kwa hiyo kasha lilikaa kwenye katoni yenye taulo bichi na joto kidogo. Baadaye udongo uliokandwa na urushi, msasa wa maji, kisha makoti meusi membamba. Glavu muda wote.

Nilimwandikia mama yake maelekezo. Chakula kipoe kabisa kabla ya kufunikwa, la sivyo mvuke hugeuka maji na kujificha konani. Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, kisha kulifuta papo hapo. Asililoweke, kwani maji yakipenya kwenye ufa mbao huvimba na rangi hubanduka vipande vipande. Asiliweke dirishani, jua huigeuza urushi nyeusi kuwa kahawia na kuiua mng'ao. Asilisugue kwa waya wa chuma. Kati ya kisanduku na kisanduku aweke karatasi laini, na lote alifunge kwa kitambaa kilichotiwa rangi kwa bizari ya manjano, kama Wajapani wafanyavyo kuzuia wadudu, kabla ya kulirudisha kwenye boksi lake.