Kufuli tatu kwenye sanduku, shiti iko wazi

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Kigoma kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa wamama watatu wa mitaa tofauti, mmoja Mwanga, mmoja Gungu, mmoja Ujiji, ili asitokee mtu wa kulifungua usiku akiwa yeye na shetani wake tu. Hilo tulilipanga siku ya kwanza kabisa, kabla hata hatujakubaliana jina la kikundi. Sasa kwenye hesabu, mi ndo katibu, nilichofanya ni kufungua shiti ya Google Sheets, nikaweka kwamba yeyote mwenye linki anaweza kuandika, nikaitupa grupu la WhatsApp, nikajiona mjanja wa mjini. Kufikia Januari tukawa tumeacha hata kugonga mihuri kwenye vile vidaftari vya wanachama, kwa nini uhangaike na wino wakati kila kitu kiko kwenye simu.

Hii ni Mei 2024. Serikali ilishatangaza Ziwa Tanganyika linafungwa kuvua kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kikundi chetu karibu wote riziki yetu ni ziwa, kuna wa dagaa, kuna wa migebuka, kuna mwenye injini ya boti, hata muuza chai anawauzia haohao. Mzunguko wetu ulianza mwishoni mwa Julai 2023 na tulipanga wiki 52, ila kwa hali ile tukasema tugawane mapema, wiki ya 42 iwe ndo ya mwisho, miezi mitatu ya njaa imkute kila mtu na chake mkononi. Basi nikaingia kwenye shiti nikafuta zile kolamu kumi za wiki zilizobaki, kolamu ya Jumla ikasogea ikawa jirani na wiki ya 42. Kumbuka hapo.

Jumatano ya tarehe 8 nilikuwa mwaloni Kibirizi. Ilikuwa giza, mwezi hakuna, kwa hiyo usiku karabai zilikuwa zimefanya kazi na asubuhi ile dagaa walikuwa wengi mpaka wengine wanaanikwa juu ya wenzao. Bi Mkubwa, mwanachama wetu mkongwe, hajawahi kununua pungufu ya hisa tano hata wiki moja, akanivuta pembeni akafungua fundo la kanga. "Mwanangu shika kabisa ya Jumapili, nisije nikaila." Elfu kumi. Hisa moja buku mbili, mara tano. Nikatoa simu nikaandika palepale maana hela ya mtu ukiibeba bila kuiandika inakuwa yako bila wewe kujua. Vidole vina magamba, jua linapiga kwenye kioo, kolamu ya majina nimeigandisha inakula nusu ya skrini, na mstari wa juu wenye namba za wiki sikuwahi kuugandisha, yaani ukishuka kidogo tu huoni tena kama uko wiki gani. Nikaona jina lake, nikasukuma mpaka mwisho kulia, nikagusa, nikaandika 10000, nikarudisha simu mfukoni.

Jumapili tarehe 12 tukakaa. Sanduku likafunguliwa, hela zikahesabiwa mara mbili juu ya mkeka, mi nikasoma shiti. Hela imezidi. Laki nne na elfu kumi, juu ya hesabu. Sijui kama umewahi kukaa kwenye kikao ambacho hela imezidi, nakwambia inatisha kuliko ikipungua, ikipungua watu wanapiga kelele, ikizidi wananyamaza wanaangaliana, kila mtu anajiuliza hizi ni za nani na nani alikuwa na mpango nazo. Nikaanza kushuka jina moja moja. Nikafika kwa Bi Mkubwa: jumla, elfu kumi. Mwanamke aliyeweka wiki zote!

Mwenyekiti akaniuliza taratibu, "Katibu, hii imekuwaje?"

Na mi badala ya kusema sijui nikamwangalia dogo mmoja wa kikundi, anauza vocha. Usiku wa Jumamosi alikuwa amenipigia akaniuliza hivi hii Jumla inajihesabu yenyewe au unaandika wewe, na akaniambia ameifungua kwenye simu yake anaiangalia. Basi nikasema mbele ya watu ishirini na sita, "Kuna vijana wanapenda kuchezea vitu wasivyovielewa." Jina sikulitaja, nikajiona nina busara. Kila mtu aligeuka kumwangalia. Dogo akasema tu, "Sawa kaka." Mgao ukaahirishwa siku tatu.

Jumatatu nikaenda stesheneri moja Mwanga nikalipia kompyuta. Nilikuwa nimeshapekua kwenye simu usiku kucha, nikajaribu hadi kufungua kwenye Chrome kwa muonekano wa kompyuta, maandishi yakawa kama mchele, nikaacha. Kwenye kompyuta unabonyeza seli kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua kuona historia ya hiyo seli, inakuletea nani aligusa, lini, na palikuwa na nini kabla. Ikaja picha ya akaunti ya aliyegusa. Kanzu nyeupe na kofia, imepigwa siku ya Idi. Yangu. Tarehe 8 Mei, saa nne na dakika arobaini na saba asubuhi, umefuta =SUM(C9:AR9), yaani ile fomula ya kujumlisha wiki zake zote, umeweka 10000. Jamaa wa stesheneri akauliza, "Umempata mwizi?" Nikamwambia nimempata.

Seli ya wiki ya 42 yenyewe ilikuwa tupu, inanisubiri.

Nikaipiga picha ile skrini nikaenda nayo kwenye kibanda cha dogo. Nikamwonyesha, nikamwomba msamaha, kwa kweli nilidhani nimefanya jambo kubwa. Akaangalia, akanirudishia simu. "Sa kaka, jana ulisema mbele ya watu wote, leo unakuja kuniambia tuko wawili?" Sikuwa na jibu. Siku ya mgao nikasimama kabla hata sanduku halijafunguliwa nikasema yote, mpaka ya magamba ya dagaa, na mwenyekiti akanipiga faini ya elfu tano, na nikailipa.

Kazi ya kufunga seli, mtu asiweze tena kuandika juu ya fomula, nilifanya na dogo, mzunguko mpya ulipokuwa unaanza baada ya ziwa kufunguliwa. Tulikaa kwenye kompyuta ileile, tukafunga kolamu ya Jumla na ya idadi ya hisa na mstari wa juu, linki tukaifanya ya kusoma tu, wanaoandika ni kamati kwa majina ya imeili zao. Kila mtu bado anaona kila kitu, anaweza hata kukopi akae nayo, ila kuandika pale hawezi. Tukajaribu kwenye simu. Dogo akagusa Jumla, ikamkatalia. Nikagusa mimi, nikaandika 7, ikakaa. Nikafuta, nikaandika tena, ikakaa. Mwenye faili hafungiki, kufuli ni za wengine.

Dogo akacheka mpaka akashika meza. "Umetufungia sisi ambao hatujakosea!"

Ikabidi tuanze upya. Tukafungua akaunti mpya ya kikundi, tukatengeneza nakala ya shiti ndani ya hiyo akaunti ili mwenye faili awe kikundi, tukafunga tena, na mi katibu nikaingizwa kama mwandishi wa kawaida kama wengine. Nikagusa Jumla kwenye simu yangu. Ikakataa. Sijawahi kufurahi kukataliwa hivo. Paswedi dogo aliiandika kwenye karatasi, nusu yake sikuiona maana aliziba na mkono, tukaitia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye sanduku la bati.

Mwezi haukuisha, kikao kikapitisha hisa ipande kutoka buku mbili mpaka buku tatu. Fomula ya idadi ya hisa inagawanya kwa 2000, inatakiwa igawanye kwa 3000, kazi ya sekunde kumi, ila imefungwa na paswedi iko sandukuni. Mama wa Gungu akatoa ufunguo, wa Mwanga akatoa, wa Ujiji tukaambiwa yuko Kasulu kwenye harusi na anarudi Alhamisi. Nikabaki nimeshika simu, naiangalia ile seli.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa karibu yangu anachambua mchele wa shughuli ya jirani. "Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "si ulituambia simu ndo inarahisisha?"