Robo Tatu Iliyobaki

Mnamo Novemba 2018, siku chache kabla ya kipindi cha wachezaji wapya kutia saini za kujiunga na timu za vyuo kuanza, niliketi katika ofisi ya kocha mkuu wa timu ya besiboli ya chuo kikuu nilichokuwa nikisoma nchini Marekani. Nilikuwa mwanafunzi mtunza takwimu, mzaliwa wa Tanga niliyekulia kwenye soka, na kwa kawaida katika vikao vile nilijaza majedwali na kunyamaza. Ubaoni palikuwa na namba moja tu: 0.75.

Wakati ule kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ziliiruhusu timu ya daraja la kwanza kutoa jumla ya ufadhili kamili wa masomo 11.7, ugawanywe kwa wachezaji wasiozidi 27, na kila anayeguswa na mgawo huo apate angalau robo. Kwa hiyo karibu kila mchezaji alilipiwa kipande tu cha masomo yake, na hicho kilichobaki ubaoni kingeweza kumtosha nyota mmoja, au wachezaji watatu wa robo robo.

Nyota huyo alikuwa mrushaji wa sekondari, yaani anayemrushia mpigaji mpira, wa mkono wa kushoto, aliyefikisha maili 94 kwa saa, na kila alipocheza maskauti wa timu za kulipwa walijipanga nyuma ya wavu na rada zao. Katika wale watatu nitamtaja mmoja, kwa kuwa ndiye aliyenigusa: mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuipokea mirusho, wa chuo cha miaka miwili, mpigaji wa kiasi tu, ambaye nilimshuhudia akidaka mechi mbili kwa siku moja katika jua kali, kisha akabaki uwanjani kumdakia mrushaji wa akiba aliyepoteza shabaha, mpaka wenzao wote walipokwisha kupanda basi.

Kila wiki tulicheza mechi tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na mrushaji anayeanza mechi huhitaji siku kadhaa za kupumzisha mkono. Nikaomba ruhusa ya kusema. “Kocha, mrushaji huyu atarusha Ijumaa tu. Mdakaji atachuchumaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.”

Hakukasirika. Alisema hesabu yangu ilikuwa sawa, lakini bila mrushaji wa Ijumaa timu kubwa zingetufunga kila wiki, na mkono kama ule hakuwa ameupata kwa miaka mingi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na sikuwahi kumdharau kijana yule, aliyekuwa na kipaji cha kweli na adabu. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba hatari tuliijua sote: mhitimu wa sekondari angeweza kuchaguliwa na timu ya kulipwa katika uteuzi wa wachezaji, ambao wakati ule ulifanyika Juni na ulikuwa na raundi 40, naye akikubali fedha zao, saini aliyotupa sisi haingemzuia. Tuliijua, na bado hatukumwekea mdakaji hata robo moja.

Juni 2019 kijana alichaguliwa katika raundi za mwanzo, akaenda. Ile 0.75 ikarudi mikononi mwetu, msimu wa kusajili ukiwa umekwisha kupita. Kocha aliniomba jedwali la mdakaji, na jioni hiyohiyo nikampigia simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa heshima, akaniambia kwamba tangu Aprili alikuwa ametia saini kwingine, kwa robo.