Dakika kumi za Ami

Juzi umeme umekatika hapa Fuoni, Unguja, kama ilivyo ada yake, mtaa mzima kiza, kitindamimba wangu akanikalia mbele na masuali yake. Mama, kwani taa yetu sie mbona haizimiki? Nikamwambia inakula betri iliyoko stoo. Na hiyo betri imetoka wapi? Kwenye gari. Na gari je, inatembelea nini sasa? Betri nyengine. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ile ya mwanzo iliumwa nini?"

Nikamjibu nilivyojibu, akalala. Mie nikabaki macho, na wala sio betri niliyokuwa naiwaza. Nilikuwa namuwaza Ami.

Gari yenyewe ni Nissan Leaf ya umeme, ya 2011, ile sauti ya mama wa Kijapani kwenye redio bado inatuamkia kila tukiwasha na mpaka leo hakuna nyumbani anayejua anasema nini. Ilifika kwetu na mistari 10 ya uzima wa betri kati ya 12. Wenye gari hizi wanajua, mstari wa mwanzo hauondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, baada ya hapo kila mmoja unaondoka na asilimia 6 na kidogo, kwa hiyo ukiona miwili haipo ujue zaidi ya moja ya tano ishakwenda na maji. Sie tukaona 10 ni mingi. Joto letu likafanya kazi yake, maana betri yake haina maji ya kuipoza wala feni, imekaa tu chini ya sakafu inapikwa na lami, mpaka ikabaki mistari 6. Kwenda Darajani nazima AC, kurudi natia dua. Halafu ikaanza kuwaka kwenye dashi taa ya kobe, ya kuonya kuwa nguvu imekwisha, gari inatambaa, unakanyaga mafuta (mafuta gani sasa!) haijibu, daladala zinakupigia honi kama umeziibia abiria. Serikali ina kobe wake kisiwa cha Changuu watalii wanalipia kuwaona, mie nikawa na wangu wa bure barabara ya Mwanakwerekwe.

Fundi nilielekezwa, kijana wa Kipemba, gari za hybrid, zile za mafuta na umeme, alijifunzia Dar kwenye Prius za watu. Akachomeka kidude chake chini ya usukani, simu yake ikaonyesha vijistari 96, ndio jozi za seli zilivyojipanga humo ndani, vingi vimesimama sawa lakini pembeni kuna vichache vimechutama. "Dada umeshaona watu wanapandisha zege kwa kupokezana karai? Mmoja akichoka mikono, msururu mzima unamsubiri yeye." Nikamuuliza si tubadilishe hao waliochoka tu. Akasema inawezekana, na mwakani watachoka waliobaki, nitakuja tena, yeye hana neno, atakula tena. Nikaona huyu angalau mkweli.

Basi ikatafutwa betri nzima ya gari iliyogongwa, huko Dar, kwa pesa zangu za tofali. Baba watoto alikuwa Pemba kikazi, akaniambia kwenye simu "fanya unavyoona", nyie mlioolewa jibu hilo mnalijua. Ikaja na meli ya mizigo, karibu kilo 300 ile kitu, mahamali wa bandarini Malindi wakanitajia bei ya ng'ombe. Haya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mwisho mwisho wa masika, gari iko nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Ami akaja. Ami ndiye mdogo wake marehemu baba, na toka siku ya kwanza alishasema gari ya kuchomeka kwenye ukuta kama pasi yeye haipandi, na kweli hakuipanda, mvua inanyesha mtu anatembea na bakora yake mpaka kituoni. Siku hiyo akavuta kiti cha plastiki akakaa, nadhani kaja kushuhudia zikiungua pesa za mwana wa kaka yake.

Fundi akaanza na ile betri ndogo ya volti 12 ya mbele, akafungua waya wa hasi. Akavua saa, akavua pete, akampa dogo wake amshikie. Akatoa glavu nene za mpira, kila moja akaijaza pumzi akaikunja mdomo, akaiweka sikioni kusikiliza. "Ikivuja pumzi na umeme utapita." Akaingia ndani, akafunua zulia pale kati mbele ya kiti cha nyuma, kuna kifuniko, chini yake kuna plagi ya rangi ya chungwa. Akaivuta, akaitia mfukoni, akafunga zipu.

"Hii haitoki kwangu mpaka nimalize. Na msidhani imekufa, nimeikata katikati tu. Kila nusu humo bado ina volti 180 na zaidi. Sasa dakika kumi hakuna mtu kugusa kitu."

Ami akauliza za nini dakika kumi.

"Mbele kule kwenye inveta, kile kinachogeuza umeme wa betri uzungushe mota, mna kapasita Ami, zinaweka umeme. Hata betri ukishaikata zenyewe bado zimejaa, lazima uzisubiri zinywee."

Akaweka simu yake juu ya boneti inahesabu. Mie nilidhani mafundi wakingoja hupiga soga, huyu alikaa chini kwenye mzizi wa mwembe mikono juu ya magoti, akiitazama gari kama inaweza kuondoka. Dogo naye kimya. Watoto wa jirani tuliwarudisha nyuma ya kamba ya kuanikia, wamejipanga vichwa kati ya kanga na mashuka, hata wao wamenyamaza, sijui nani aliwaambia. Kwa jirani mtu anakaanga samaki, mafuta yanasikika yanavyolia. Na mie nimesimama pale nafikiria pesa za tofali.

Ami akaanza kucheka. Si kicheko cha kumcheka mtu, cha peke yake.

"Yaani umeme umeshautoa, na bado umo."

"Umo Ami."

"Umekataa kuondoka." Akagonga bakora chini. "2008 sie tuliuombea dua urudi, misikiti yote. Leo huyu anauomba uondoke."

Fundi hakujibu, mwaka huo nahisi alikuwa hata skuli bado. Mie naukumbuka, ule waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara uliharibika mwezi wa Mei, kisiwa kizima tukakaa kiza mpaka Juni, pampu hazivuti maji, tumeshinda visimani na ndoo. Nikadhani ndio anakwenda huko, kwenye hadithi za ndoo ambazo kila mtu anazo.

"Nilikuwa na friza mbili zimejaa," akasema. "Pweza na ngisi, wa kupeleka mahotelini. Siku za mwanzo nikanunua barafu kwa wenye jenereta, bei inapanda kila asubuhi, mpaka barafu ikawa ghali kuliko pweza. Nikawa naamka usiku naweka mkono juu ya friza. Sijui nilikuwa nasikiliza nini. Lilikuwa na ubaridi, naona basi, kesho umeme utarudi. Kesho yake naweka tena."

Alikuwa haniangalii mie, anaiangalia gari.

"Ilipoanza kunuka nikaona aibu, majirani watajua. Tukapeleka shamba usiku, mie na mamako mdogo, na mkokoteni. Yeye kashika kandili, mie nachimba. Pweza wale wavuvi sijawalipa bado. Nachimba, nasubiri aseme neno, hasemi. Kandili yake imetulia tu, hata mkono hautetemeki. Na mie mtu akininyamazia bora anitukane. Nikasimamisha jembe nikamwambia..."

Simu ikalia juu ya boneti.

"Tayari," fundi akasema, akainuka, akakung'uta suruali.

Na Ami akanyamaza. Akageuza bakora yake akaangalia ile ncha ya chini kama ina kitu, akasema, "Haya, fanyeni kazi, jua linapanda."

Sasa mtu ambaye si wa kwetu haoni kitu hapo. Mama mdogo ndiye mke wa Ami, na aliondoka kwake mwaka huohuo wa 2008, wameshakaa miaka na miaka hawajawahi kusikika hata kugombana, akachukua nguo zake akarudi kwao Makunduchi. Baba alimuuliza mdogo wake, akajibiwa "mambo ya ndani". Bibi aliuliza, akajibiwa hivyohivyo. Bibi na baba wote wameshatangulia mbele ya haki na suali lao. Na mie nimesimama chini ya mwembe, sentensi imefika nusu, na simu ya fundi wa gari imeikata.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Fundi akapima kwa mita kwenye zile waya nene za chungwa, akaridhika. Boliti zimeshikwa na kutu, chumvi yetu haichagui, moja ilitukatikia. Jeki nne, kitoroli cha vyuma, betri ikashuka polepole dogo akipiga kelele "basi basi basi". Zikafunguliwa betri zote mbili, ya zamani na mpya, ndani ya kila moja makopo 48 ya rangi ya fedha, ya mbele yamelala na ya nyuma yamesimama, na kijikompyuta cha betri yetu ya zamani kikahamishiwa kwenye ile mpya, kwa sababu gari ina wivu, ikiona kompyuta isiyoijua inagoma.

Magharibi tukawasha. Mama wa Kijapani akaamkia. Nikaangalia dashi: mistari 6.

Wallahi nilihisi miguu imekwisha. Baba watoto akaomba picha, nikamtumia, akarudisha kile kikatuni cha macho tu, basi. Fundi akasema dada tulia, kompyuta ni ileile, inakumbuka betri ya zamani, ina mistari yake kichwani na haitaki kuamini kama amekuja mwengine, tembeza gari, chaji ijae, tembeza tena, itajifunza. Nikatembeza. Gari inakwenda na kurudi, kobe haonekani, na dashi inanambia bado ni mgonjwa. Baadaye ukaongezeka wa 7, halafu nikangoja weee ndio ukaja wa 8.

Ilikuwa bado iko kwenye 7 ilipofika Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi. Asubuhi Ami akabisha hodi kavaa kanzu ya kupigwa pasi, ananuka udi, akasema anataka kwenda Makunduchi kuangalia watu wakipigana kwa migomba. Mtu ambaye hajawahi kuipanda ile gari! Nikamfungulia mlango, sikuuliza.

Tumepita Tunguu kimya. Kwenye matuta ya Jozani, pale gari lazima ipunguze kwa ajili ya kima, nikajikaza. "Ami, ile siku ya betri, ulikuwa unasema ulimwambia mama mdogo..."

"Angalia mbele mwanangu, kuna ng'ombe."

Hamkuwa na ng'ombe. Nikaangalia mbele hivyohivyo.

Tulipofika Kitogani akainama kwenye dashi, akanyoosha kidole kwenye mistari. "Hiyo inatosha kufika?"

"Inatosha."

"Na kurudi?"

"Kurudi tutachomeka kwa watu hukohuko."

Akakaa kidogo, akajiweka sawa kofia. "Kwa watu gani?"

Nikamwambia tukifika tutaona.