Sindano Isiyo na Dawa

Bega la kulia lilinianza Ramadhani, mwezi ambao oda za mahamri na mbaazi za nazi hazishikiki. Nazi nazikuna mwenyewe kwenye mbuzi, maana za kusagwa kwa mashine hazinipi tui nilitakalo. Kufika Mfunguo Mosi mkono haukupanda tena, buibui navalishwa na binti yangu. Nikilalia upande ule, maumivu yanashuka mbele ya bega mpaka mkononi, naamka nakaa kitako hadi adhana.

Mamangu alisema ni mshipa, nichuliwe au nipigwe chuku. Dukani nilipewa vidonge. Vilituliza mpaka vilipokwisha. Shemeji yangu, kuli wa bandarini aliyewahi kuumia mgongo, ndiye aliyenipeleka kwa fizio wake kule Tudor, hapa Mombasa, mtaalamu wa viungo na misuli anayetibu pia kwa sindano.

Nilimkuta msichana wa rika la binti yangu. Sindano hakuzigusa mwanzo. Aliuinua mkono wangu, akauzungusha, akaniambia nisukume kiganja chake. Akauliza kama nilianguka, kama nina sukari, kama natumia dawa za kulainisha damu. Kisha akapita nyuma, akawa anatafuta kwa kidole gumba juu ya kombe la bega. Alipobonyeza mahali fulani, maumivu yale yale ya usiku yakazuka mbele.

"Ni hapa, mama?"

"Ni hapo hapo! Lakini mwanangu, mbona wabonyeza nyuma na yauma mbele?"

Akanieleza kuwa kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kikalio chake hakina kina, kwa hiyo kinachokishikilia hasa ni misuli minne. Huu wa nyuma ya kombe ukifanya fundo hupeleka maumivu mbele. Kwa kukuna mfululizo vile, ulikuwa haupati nafasi ya kulegea.

Sindano zilikuwa nyembamba mno, unene kama robo ya milimita, kila moja kwenye pakiti yake. Hazina tundu, basi hakuna dawa inayopita. Nikamuuliza, sasa chatibu nini? Akasema madaktari walikuwa wakidunga dawa kwenye mafundo kama hayo, kisha daktari wa Chekoslovakia, Karel Lewit, akaandika mwaka 1979 kuwa sindano tupu nayo hutuliza, ikilipata fundo barabara.

Ngozi haikusikia kitu. Alipofika ndani, msuli ukaruka wenyewe, kama samaki ndoanoni, halafu maumivu mazito yakasambaa.

"Ya Rabbi!"

"Ndio wenyewe huo, mama. Vuta pumzi."

Msuli wa juu, baina ya shingo na bega, aliubana kwa vidole akauinua kwanza ndipo akadunga, kwa sababu chini yake kuna pafu. Hapo nikamwamini kabisa. Kazi hii si ya kila ajuaye kushika sindano: pafu likitobolewa, hewa huvujia kifuani, na mtu ni wa kukimbizwa hospitali.

Kesho yake bega lilikuwa zito na lauma, kama alivyonionya, kisha likalegea. Lakini alikuwa amenipa na mpira wa kuvuta. Naufunga kwenye kitasa cha mlango, nabana taulo iliyokunjwa baina ya kiwiko na ubavu, ngumi naipeleka nje polepole na kuirudisha polepole zaidi. Sindano imelegeza tu, alisema. Bila zoezi fundo litarudi. Jirani zangu huja kuniuliza nilidungwa wapi, nao wana mabega yao. Nikianza habari za mpira wanaaga, na hilo hunisikitisha kweli.

Mbuzi hakunikataza. Aliniambia nikae kitako pale pale, nimwonyeshe ninavyokuna. Nikakuna hewa, naye akaona bega linavyopanda mpaka sikioni. "Lishushe, mama. Kiwiko kiwe karibu." Siku hizi nazi nazigawa, nyingine alfajiri, nyingine baada ya laasiri, na binti yangu nimemfunza tangu sasa kukuna bega likiwa chini.