Siku moja katika masjala ya dola isiyokuwepo

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua duka, barabara ya 12, Ngamiani, Tanga. Ni steshenari kama nyingine: kopi, kuskani, picha za pasipoti, kuwajazia watu maombi mtandaoni. Nawasha kompyuta yangu ya mtumba, RAM GB 4, mfumo endeshi Debian na eneokazi la Xfce. Skrini nyeusi, halafu maandishi ya rangi ya kaharabu yanashuka mstari mmoja mmoja:

DOLA YA MWAMBAO
IDARA YA PEPO NA MAJIRA, MASJALA KUU
Karani wa zamu: ametambuliwa

Dola hiyo haipo. Nimeitunga mimi, na huu ni mwezi wa tatu naivalisha kompyuta yangu sare yake. Rangi ya kaharabu nimeiiga kwenye skrini za zamani kama VT220 ya mwaka 1983, fonti ni IBM Plex Mono. Folda ya vitu vilivyopakuliwa inaitwa Barua Zilizoingia. Pipa la taka ni Majalada Yaliyofungwa. Nyaraka za wateja zinakaa Masjala ya Siri, na kweli zimefungwa kwa nywila, maana cheti cha mtu si kitu cha kuachwa mezani.

Mama yangu alikuwa karani wa masjala. Nimekua nikimwona anatoboa barua, anaifunga kwenye jalada la kaki, kisha anaandika namba ya folio kwenye kona ya juu kulia kwa kalamu nyekundu, taratibu, kama anayetia wanja. Alipostaafu alikuja nyumbani na jalada moja tupu. Nililiskani, na kaki unayoiona nyuma ya eneokazi langu ndiyo hiyo, pamoja na alama ya duara ya kikombe cha chai.

Saa 2:00. Saa yangu imetoweka tena. Juu ya skrini programu ndogo iitwayo Conky huniandikia joto la prosesa, nafasi ya diski na saa, na saa hiyo inakwenda kwa Kiswahili: kompyuta ikisema 13, Idara inasema saa saba mchana. Leo ni siku ya tatu, ikigonga saa mbili kamili pale panabaki patupu, na ikifika saa nne inarudi yenyewe. Ningekaa nayo, lakini foleni imefika barazani.

Saa 3 hadi saa 6. Kopi, kopi, kopi. Binti wa maombi ya mkopo, mfumo umemtupa nje mara mbili kabla hajamaliza. Kijana kaja kuchapa barua ya kuitwa kwenye usaili: “08:00 AM”. Namwandikia pembeni kwa kalamu: saa mbili asubuhi. Huwa naandika kila mara, kwa sababu mwaka jana mteja wangu mmoja alisoma nane akaenda saa nane mchana, na kazi ikampita. Alikuwa na kila kitu kilichotakiwa. Tangu siku ile nikasema, serikali nitakayoitunga mimi itahesabu saa kama mama zetu wanavyohesabu, kuanzia jua linapochomoza.

Saa 7 mchana. Jua kali, mtaa umelala. Nafungua skripti ya saa, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta. Natazama, natazama, kisha napiga meza kwa kiganja. Kwenye bash, lugha niliyoandikia skripti hiyo, namba inayoanza na sifuri inasomwa kwa mfumo wa nane, na mfumo wa nane hauna tarakimu 8 wala 9. Kwa hiyo 07 inapita, 08 na 09 zinakataliwa, 10 inapita. Yaani saa mbili na saa tatu asubuhi, hizo hizo! Dawa ni kuiambia waziwazi kwamba tunahesabu kwa kumi:

echo $(( (10#$(date +%H) + 5) % 12 + 1 ))

Nabandika 08 kwa mkono kuijaribu: inajibu 2. 09: 3. 00: 6. Wali wangu umepoa na sijali.

Saa 9 alasiri. Anaingia mzee, nahodha wa Sahare, kuskani kitambulisho.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo serikali ya wapi?”

Namweleza ni ya kubuni. Ndiyo maana sikuweka nembo ya taifa, ambayo ina sheria yake, na chini ya skrini nimeandika kwa herufi kubwa MFUMO WA KUBUNI. Kazi ya mteja naifanya kwenye kivinjari cha kawaida, asije mtu akadhani kanipa namba yake ya kitambulisho kuiweka kwenye mchezo. Mzee anasoma tena, polepole.

“Idara ya Pepo na Majira. Mbona haina bamvua?”

Upepo wa kusi ulikuwepo, wa kaskazi ulikuwepo, bamvua nimeisahau! Anakaa kwenye benchi ananifundisha: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, subiri siku moja au mbili, maji yatajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu. Kitambulisho kimeshatoka zamani, bado anaeleza.

Saa 12 jioni. Mlango nimeufunga nusu. Naiwekea Idara bamvua yake. Naanzia mwezi mwandamo wa tarehe 6 Januari 2000, saa 3:14 usiku kwa saa za kwetu. Nahesabu sekunde tangu hapo, nagawa kwa 2,551,443, ambazo ni mwezi mmoja wa siku 29.53, na kinachobaki ni umri wa mwezi. Ni wastani, unaweza kukosea kwa saa kadhaa, kwa hiyo chini yake naandika: baharini msikilize nahodha.

Saa 2:00 usiku. Saa ipo, lakini usiku haijawahi kunisumbua. Natuma mstari wa mwisho, MASJALA IMEFUNGWA, nazima. Kesho mwenye kopi atanivumilia dakika moja. Saa mbili asubuhi ikigonga nataka niwe nimekaa mbele ya skrini.