Mayai Kumi na Moja

Dar es Salaam kila mwenye tumbo linalouma ana vidonda. Mimi nami nilikuwa navyo, na ofisini nilijulikana kwa hilo: nikawekewa maziwa, nikakatazwa pilipili na maharage, na muuzaji wa duka la dawa mtaani kwetu akiniona tu alishika boksi la omeprazole kabla sijafungua mdomo. Nilishapimwa damu, wakasema bakteria wa vidonda wamo. Nilishapimwa hata choo: tone kwenye kioo, dakika chache, majibu yakaandikwa hakuna mayai ya minyoo wala wadudu. Tumbo likaendelea kusokota, leo nafunga choo, kesho naharisha, na siku nyingine naona michirizi ya damu ambayo sikumwambia mtu.

Desemba 2011 nilikwenda likizo nyumbani Ukerewe. Mama aliniona nasogeza sahani ya dagaa pembeni, akaguna. "Mwanangu, hivyo vidonda vya Dar haviponi tu?" Wakati wa kurudi nikashuka Mwanza na kupitia hospitali moja. Nilimkuta daktari kijana, na kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuhusu tumbo kabisa.

"Kwenu ni wapi, dada?"

"Ukerewe."

"Utotoni mlikuwa mnaoga wapi?"

Nikacheka. Ziwani, wapi tena? Tulioga humo, tukafua, tukachota maji ya kupikia, tukaogelea mpaka macho yakawa mekundu. Dar hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na hata leo naliona lina thamani kuliko nusu ya vipimo nilivyolipia. Akaandika karatasi: kapime choo kubwa.

Dirishani nilipewa kikopo chenye kijiko kidogo kilichoshikana na kifuniko, na maelekezo: usichanganye na mkojo, usichote kwenye maji ya chooni, kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha. Niliingia msalani nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Tumbo lililokuwa likinikimbiza kila asubuhi, siku hiyo liligoma. Nikaenda kulala kwa mama mdogo, na kesho yake alfajiri mzigo ukapatikana. Nikaufunga ndani ya mfuko mweusi wa rambo, rambo ndani ya rambo nyingine, nikapanda daladala nimekumbatia mkoba. Konda akasema, "Dada, weka mkoba chini watu wakae." Nikauminya zaidi. Kwenye foleni ya maabara kila mtu alikuwa ameficha chake, isipokuwa mzee mmoja aliyeleta wa kwake kwenye kasha la kiberiti, kama ilivyokuwa desturi zamani, akauweka dirishani bila kuona haya hata kidogo.

Mtaalamu wa maabara naye alikuwa mtu mzima, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hii ya leo?"

"Ya asubuhi hii."

"Saa ngapi?"

Hata saa aliiandika. Akafungua, akatazama, akatikisa kichwa kuridhika: imeshikana vizuri. Ingekuwa maji maji angelazimika kuisoma palepale ingali na joto, kwa sababu amiba walio hai hawakawii kufa, na njia aliyotaka kuitumia isingefaa. Nikaomba kutazama. Sijui kwa nini aliniruhusu, labda kwa kuwa watu wengi huliacha dirisha lile mbiombio.

Aliweka wavu mwembamba juu ya choo, akaukandamiza, akakwangua kile kilichopenya. Akakijaza kwenye tundu la kibao kidogo cha plastiki kilichokaa juu ya slaidi, akasawazisha, akakiondoa kibao. Juu ya kirundo kilichobaki akalaza kipande cha selofani ya kijani iliyolowekwa kwenye gliserini, akageuza, akabonyeza. "Hili tundu linabeba miligramu 41.7," alisema. "Nahesabu mayai yote ya hapa, nazidisha kwa 24, napata ya gramu moja. Wajapani ndio walioanza, halafu Mbrazili mmoja, Katz, akairekebisha mwaka 1972." Akaisoma mara ya kwanza mapema, akitafuta mayai ya safura, maana gliserini ikikaa sana huyafanya yasionekane. Kisha slaidi akaiacha. "Nenda ukanywe chai, urudi mchana."

Mchana aliniita mwenyewe. Niliinama kwenye hadubini, nikaona ukijani mtupu, kisha akasogeza slaidi kidogo. Likaingia yai moja refu la rangi ya dhahabu iliyofifia, na ubavuni mwake limetokeza mwiba mkali kama wa mlimao. Lilikuwa zuri, Mungu anisamehe.

"Kichocho cha tumbo," akasema. "Cha mkojo mwiba wake uko mwishoni. Hiki uko ubavuni. Yako 11."

Mara 24, ni 264 kwa gramu. Daktari alisema kiwango hicho ni cha kati. Kikali huanzia 400. Minyoo yenyewe, ile niliyoipata kwa kuoga ziwani, inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na inaweza kuishi humo miaka, jike limekumbatiwa na dume, likitaga. Mayai mengine hutoboa na kutoka na choo, mengine hukwama kwenye utumbo na ini. Damu niliyokuwa naificha ikapata maelezo. Na wale bakteria wa vidonda? Kipimo kile cha damu, alisema, kinaweza kuonyesha tu kwamba niliwahi kukutana nao. Nikasimamisha omeprazole wiki mbili, nikapimwa choo kwa ajili yao, hawakuwemo.

Nilikula ugali kwanza, nikameza praziquantel, dawa ya kichocho, vidonge vinne vikubwa vichungu kwa kilo zangu 60. Jioni nzima kichwa kilizunguka, mama mdogo akinipepea.

Nikampigia mama: njoo, na mdogo wangu aje. Huyu ni mvuvi wa dagaa, yai baada ya yai lilipita kwenye slaidi yake: 21, maana yake 504. Ya mama ilikuwa safi. Akajifunga kanga upya, akatutazama. "Mimi nimezaliwa ziwani. Ziwa linanijua."

Yule mzee wa maabara hakubishana. "Mama, mayai hayatoki sawa kila siku. Kesho niletee nyingine."

Alileta, kwa manung'uniko. Yakaonekana mawili. Mama akavua miwani ya mzee wa watu usoni kwake, akaivaa, akainama kwenye hadubini kwa muda mrefu.

"Haya mawili si yangu," akasema. "Ya huyu mvuvi. Vikopo vilikaa mfuko mmoja."

Vidonge alivimeza lakini.